Kuku wa Josephina

Kosa la kwanza la Prisca lilikuwa kuwaamini akina baba.

Alipanda kutoka Kihonda, kule mjini, na begi la nguo, vitabu viwili vya kompyuta na ule ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi na Waluguru wa milimani. Ushirika wa viungo wa Lukangazi ulikuwa umemwajiri kwa msimu mmoja wa karafuu. Lukangazi iko juu ya Matombo, mahali ambapo pikipiki hufika imechoka na dereva wake amenuna, na kazi yenyewe ilisikika nyepesi: kila mwanachama wa ushirika, pamoja na mrithi wake, atengenezewe folda ndani ya kompyuta mpakato ya ofisi, ili humo ziwekwe picha yake, ramani ya shamba lake na chochote kitakachofuata.

Prisca si mtu wa kutengeneza folda moja moja kwa mkono, kama anayemenya vitunguu saumu vya harusi. Aliandika skripti, yaani mistari michache ya amri ambayo kompyuta huifuata bila kuuliza. Chukua jina. Angalia kama folda yake ipo. Kama ipo, pita. Kama haipo, itengeneze kwa amri ya mkdir, kisha nenda kwa jina linalofuata. Kila mtu akamweka ndani ya folda ya baba yake, kwa sababu ndivyo alivyolelewa yeye, binti wa Mnyaturu aliyehamia mjini kufanya kazi kiwandani.

Siku aliyowaonyesha matokeo, kina mama wa Lukangazi walicheka mpaka mmoja akatolewa nje kupigwa upepo.

"Mwanangu," alisema Mzee Agustino, mwenyekiti wa ushirika, huku akijifuta machozi, "baba ni mtu mzuri. Hata mimi ni baba. Lakini baba amekuja kulima tu. Shamba ni la lukolo, ndio ukoo wetu huo, na ukoo ni wa mama."

Basi Prisca akapangua. Safari hii ukoo ukawa folda kubwa, ndani yake mama, ndani ya mama watoto. Wazee wenye mvi na mikongojo wakarudishwa kwa mama zao, na wengi wao walionekana kuridhika. Mwenyekiti ndiye aliyechagua maneno ya kuandikwa kwenye skrini, maana hakutaka wanachama wake wasomewe Kiingereza kama wagonjwa. Folda ikipatikana, skripti iandike jina la mtu na neno YUPO. Isipopatikana, iandike HAYUPO, NATENGENEZA.

Jumapili baada ya misa mwenyekiti aliwasimamisha watu uwanjani awaeleze mtambo mpya. Prisca alikuwa amemfundisha kwa makini, na mzee alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa kiini.

"Kompyuta inaita jina," alisema. "Inaangalia kama mtu yupo. Kama hayupo, inamtengeneza."

Kisha mwanamume mmoja wa nyuma akauliza, kwa heshima zote, kama inaweza kuanza na daktari, kwa kuwa zahanati haikuwa naye tangu yule wa mwisho ahamishwe. Mwingine akasema kama inawezekana, yeye angependa mkwe mpya. Prisca alinyoosha mkono ili asahihishe. Mwenyekiti alimwambia maswali ni mwisho, na mwisho haukufika, maana mvua ilinyesha.

Kesho yake asubuhi Bibi Theresia alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi kabla mlango haujafunguliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutengenezewa binti."

Ofisi ilikuwa chumba nyuma ya ghala, nacho kilinuka karafuu hivi kwamba ikifika adhuhuri Prisca alikuwa hausikii ulimi wake. Asubuhi ile alitamani asisikie na masikio. Alimkaribisha bibi kiti, akamwomba aeleze.

Theresia alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo watu hunyamaza waisikie. Alieleza bila kulalamika. Hakuwa na mtoto. Akifumba macho, shamba litakwenda kwa Gervas, mtoto wa mama yake mdogo, na hiyo ni haki ya Gervas, yeye habishi. Ila Gervas anafyatua matofali, na matofali yanataka kuni za kuchomea.

"Ule mkarafuu wangu wa juu kabisa, mkubwa ule, ameshaupigapiga na kiganja kama anayenunua ng'ombe," alisema. "Mengine yote achukue, mdalasini, migomba, nyumba. Ule mti usikatwe."

"Si umwambie tu asiukate?"

"Nimemwambia. Amesema mti ni mti."

Prisca alivuta pumzi akaanza somo. Kompyuta haitengenezi mtu, bibi. Inatengeneza folda.

"Folda ni kitu gani?"

"Ni mahali pa kuweka vitu vya mtu."

"Mahali tu?"

"Mahali tu. Mwanzoni panakuwa patupu."

"Na jina lake mlangoni?"

"Na jina mlangoni, ndiyo."

"Sasa mbona unanibishia?" alisema Theresia. "Hicho ndicho ninachotaka. Kwetu jina halizikwi na mwenyewe. Linakaa pale, linamsubiri mtu wa kuliingia. Mwandike Josephina. Ni jina la mama yangu."

Ukweli ni kwamba Prisca alikuwa anahitaji jina ambalo halipo, ili aijaribu skripti kama inaangalia sawasawa. Pia alikuwa anataka chai. Akaliongeza jina la Josephina kwenye orodha, ndani ya Theresia, ndani ya ukoo wake, akajiambia atalifuta baadaye. Huo ndio uongo ambao wataalamu wa kompyuta hujiambia dunia nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufuta.

Skrini ikaandika: JOSEPHINA: HAYUPO, NATENGENEZA.

Bibi Theresia, aliyefundishwa kusoma na masista wa misheni, aliyasoma yale maneno herufi kwa herufi. Uso ukamsinyaa.

"Mwambie asiseme hayupo."

"Ni mashine, bibi. Haina nia mbaya."

"Basi ina mdomo mbaya," alisema Theresia, akajifunga kanga vizuri akaenda zake.

Tangu hapo alikuja kila asubuhi. Prisca alikuwa ameipanga skripti ijiendeshe yenyewe alfajiri, ili mwanachama mpya asisahauliwe, na bibi alitaka kuona tu ule mstari mmoja. JOSEPHINA: YUPO. Akishauona, huaga, anaenda kulima.

Orodha ya warithi ilibandikwa kwenye mlango wa ghala, na Gervas alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuisoma. Alikuwa mtu wa makamo, mpana, mwenye udongo wa matofali kwenye kucha hata siku za sikukuu. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Josephina ni nani?"

"Binti wa dada yako Theresia," alisema Mzee Agustino. "Yumo kwenye kompyuta."

"Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kumwona."

"Na mimi sijawahi kuiona Dodoma," alisema mwenyekiti, "lakini wanatuletea sheria kutoka huko."

Gervas akaondoka. Hakutaka kuonekana mshamba mbele ya kompyuta, na huo ndio ugonjwa uliomponza.

Kijiji kwa upande wake kilimpokea Josephina kama kinavyopokea mgeni yeyote wa heshima. Siku ya kusafisha mfereji jina lake liliitwa, hakuitika, na wanawake wawili wakasema ana homa. Wiki iliyofuata wakampelekea uji. Theresia aliupokea mlangoni, akashukuru, akaunywa mwenyewe ndani. Mama mmoja alikuja kuulizia kwa mbali kama binti ameshachumbiwa. Salum wa bodaboda alisema amempakia hadi Matombo na kwamba hajawahi kupata abiria kama yule.

"Ni mwepesi," aliwaambia watu. "Humsikii kabisa huko nyuma."

Msomaji wa mjini atasema hawa watu ni wajinga, na msomaji wa mjini atakuwa amekosea, kama kawaida yake. Walimjua Gervas na tanuri lake. Walimjua Theresia pia. Mtu mwenye haya akipewa nafasi ya kumsaidia jirani bila kulazimika kutamka kwamba anasaidia, huikamata kwa mikono miwili. Prisca ndiye pekee ambaye hakuelewa, naye ndiye aliyekuwa na shahada.

Kisha mbuzi wa Theresia akaingia kwenye maharage ya Gervas.

Hapo Gervas aliona mlango. Kumburuta Theresia mbele ya baraza la wazee hakungewezekana, kwa sababu ni dada yake mkubwa, na mtu wa Lukangazi anayemshitaki dada yake mkubwa hula peke yake maisha yake yote. Lakini binti mdogo ni jambo jingine. Binti mdogo hushitakiwa. Gervas akasimama barazani akadai kwamba mbuzi yule ni wa Josephina, na kwamba vijana wa siku hizi hawachungi.

Baraza lilimwita Josephina akahojiwe. Hakufika. Likamwita tena, na tena hakufika, wala hakutuma neno la ujeuri, wala hakumtukana mtu kwenye simu kama mabinti wengine wa pale.

"Amenyamaza," alisema Mzee Agustino, ambaye pia ndiye mkubwa wa baraza. "Hajibizani na wakubwa. Huyu ana malezi."

Kwa sababu ya malezi hayo walimpunguzia adhabu, ikawa kuku mmoja. Theresia alimleta kuku mwenyewe, tetea mwekundu, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba. Gervas akampokea kwa mikono miwili. Akamla na mkewe na watoto wake, na kipaja kimoja akampelekea mwenyekiti kama ilivyo desturi, na jioni ile alipita kilabuni akisema kwamba Josephina ni msichana mzuri, kosa analikubali, ila mbuzi ndiye mhuni.

Ndipo Prisca alipopigiwa simu kutoka mjini. Mkaguzi anakuja.

Aliitwa Judith, na sifa zake zilikuwa zimemtangulia milima yote. Kazi yake ilikuwa kusaka wanachama hewa: majina yaliyomo kwenye kompyuta bila kuwa na mtu. Inasemekana alikuwa amefumua ushirika mmoja huko bondeni ambako wajumbe wawili wa kamati walikutwa ni mbuzi. Prisca aliposikia neno hewa, alimkumbuka Josephina. Alikuwa amempikia mkaguzi hewa safi kabisa, kwa mkono wake mwenyewe, tena kila alfajiri anaipasha moto.

Mchana ule aliifuta folda ya Josephina. Ilikuwa tupu, ikafutika mara moja. Mwenyekiti alipoambiwa, alishituka.

"Umemfuta? Na msiba tunauweka wapi?"

"Mzee, ni folda."

"Hata kama. Mtu aliyelipa faini hafutwi kimya kimya."

Wala hakufutika. Prisca alikuwa ameiondoa folda akasahau jina kwenye orodha, na skripti haina kinyongo wala kumbukumbu. Alfajiri iliita majina, ikafika kwa Josephina, ikaangalia, ikakuta hakuna. Bibi Theresia alipokuja kuutazama mstari wake, ulikuwa umeandikwa: JOSEPHINA: HAYUPO, NATENGENEZA.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akalifungua lile pindo la kanga alimofunga hela zake za chumvi, akalifunga tena, akalifungua tena.

"Alikuwa wapi jana?" aliuliza.

"Ni hitilafu tu, bibi."

"Usimfanyie tena hivyo."

Prisca aliona aibu, aibu ya kweli iliyompanda mpaka masikioni, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua anaona aibu ya nini. Alijua namna ya kuliondoa lile jina kwenye orodha. Ni kugusa kitufe tu. Hakukigusa. Potelea mbali, alisema moyoni, kama ni kufukuzwa nifukuzwe.

Judith alifika na viatu vizuri, akavivua penye utelezi, akaingia kijijini peku bila kuonyesha kama anaona haya. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye kalamu nyekundu. Watu walikusanywa mbele ya ghala, kwenye majamvi ya karafuu, na Prisca akawekwa mezani na kompyuta ili ayasome majina. Kila aliyeitwa alisimama. Mzee mmoja asiyeweza kusimama alinyanyuliwa. Kalamu nyekundu ilibaki na kofia yake.

"Josephina wa Theresia," alisoma Prisca.

Kisha sauti zikatoka pande zote kwa pamoja.

"Ameenda mtoni!"

"Yuko misheni Matombo!"

"Amelala, ana ile homa!"

Judith aliwangoja wamalize. "Mtu mmoja," alisema, "hawezi kuwa mtoni, misheni na kitandani kwa wakati mmoja."

"Ni mchapakazi," alisema Salum.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha Prisca. Watu wote wa Lukangazi walikuwa wamemkazia macho mkaguzi, na nyuso zao zilikuwa nzito. Mkaguzi akamgeukia.

"Wewe ndiye mwenye huu mfumo. Huyu mtu umemwona?"

Prisca alimtazama Theresia, aliyekaa mwisho wa jamvi mikono mapajani. Alitaka kusema uongo. Alilelewa vibaya kwa jambo hilo, uongo haukumtoka.

"Nimeiona folda yake," alisema.

"Ina nini ndani?"

"Haina kitu."

Judith akaitoa kofia ya kalamu. "Akiondolewa huyu, mrithi wa shamba ni nani?"

"Ni mimi," alisema Gervas, akasimama.

Alikuwa amevaa shati la sikukuu. Prisca aliona macho yake yakikimbia kule juu ya kijiji, kwenye shamba, mahali kilele cha ule mkarafuu kilipokuwa kimejitokeza peke yake, na akajua kwamba mti ule ni kama umeshakatwa.

"Basi wewe ndiye ndugu wa karibu," alisema Judith, "na wewe ndiye unayepata, kwa hiyo nakuuliza mbele ya watu wote. Huyu Josephina yupo au hayupo?"

"Hayu..." alianza Gervas.

Mkewe, Happiness, akakohoa. Alikuwa amekaa na wanawake wengine, mtoto mgongoni, wala hakunyanyua uso.

"Baba Stephano," alisema polepole, "mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Yule tetea mwekundu tulimla wa nani?"

Unaona shida ya Gervas. Kama Josephina hayupo, basi hakuna mbuzi wake, hakuna kosa lake, hakuna faini. Kuna Gervas tu, mtu mzima mwenye meno yote, aliyemnyang'anya dada yake mkubwa kuku kwa hila akamla na pilipili. Pale Lukangazi mtu wa namna hiyo hakaribishwi hata msibani, na akifa yeye watu huchelewa makusudi.

"Na kipaja nilikula mimi," alisema Mzee Agustino kwa huzuni. "Nifikirie na mimi, Gervas."

Gervas alipangusa jasho. Akamtazama mkewe, akamtazama mwenyekiti, hakupata msaada. Mwisho akamgeukia Theresia, na pengine hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa miezi mingi kumtazama yeye badala ya shamba lake. Theresia hakumwomba kitu. Alimtazama tu. Gervas alisimama hivyo kwa muda mrefu kuliko kuku yeyote anavyostahili, na uso wake mpana ukaanza kubadilika, kama mtu anayesikia akiitwa kutoka mbali.

"Yupo," alisema.

"Una hakika?"

"Yupo. Namfahamu."

"Anafananaje?"

"Ni mdogo," alisema Gervas.

"Mdogo kiasi gani?"

Naye Gervas, bila kufikiri, akainua mikono yake yenye udongo, akaonyesha. Aliviweka viganja vimeelekeana mbele ya kifua, na nafasi iliyokuwa katikati yao ilikuwa ndogo, ndogo sana, ingetosha mkate. Akaitazama mikono yake mwenyewe. Akaishusha haraka.

"Ana paji la uso la bibi yetu," alisema. "Vilevile kabisa."

Theresia alijifunika uso kwa kanga. Wanawake wawili wazee waliokaa karibu naye wakamsogelea, mmoja huku na mmoja huku, kama wanaojua pa kukaa. Vijana walitazamana. Judith aliitazama mikono ya Gervas, iliyokuwa sasa imening'inia haina kazi, akamtazama yule bibi chini ya kanga, na kwa kitambo alionekana si mkaguzi wa mtu yeyote. Akairudisha kofia ya kalamu.

"Nimeandika yupo," alisema. "Mwambieni asihangaike kuja. Jina linalofuata."

Prisca alisoma jina linalofuata. Hakumbuki lilikuwa la nani.

Siku mbili baadaye alipanda kwa Theresia kupiga picha ya shamba, maana kila shamba lilitakiwa liwe na picha ndani ya folda ya mrithi wake, na hili lilikuwa limebaki. Alibeba kompyuta mgongoni. Bibi alimpa ndizi mbivu na maji ya kunywa, akamwongoza kati ya midalasini hadi juu kabisa, kwenye ule mkarafuu. Ulikuwa mti mzee, mnene, umechanua. Chini yake palikuwa pamefagiliwa.

Hapo Theresia akamweleza, kwa ile sauti yake ndogo. Alizaa mara moja tu, msimu wa mvua kubwa, barabara ya misheni imekatika. Mtoto aliishi tangu alfajiri mpaka jioni. Padri hakuweza kuvuka mto, na katika ule mkanganyiko hakuna mtu aliyekumbuka kummwagia maji, na siku zile mtoto wa namna hiyo hakupata nafasi makaburini. Hakubatizwa, hakuandikwa kanisani wala serikalini wala popote. Akazikwa hapa bila jina, na juu yake wakapanda mche.

"Tulikuwa watu watano," alisema. "Wawili ni wale wenzangu uliowaona. Mume wangu alishatangulia. Na Gervas. Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Alitukingia mshumaa usizimwe na mvua. Nilidhani amesahau, na nadhani kweli alikuwa amesahau."

Prisca alilia, akajipangusa kwa mkono, akalia tena. Alijionea hasira kwa ile siku ya kufuta, na hasira hiyo anayo hata leo.

"Usilie, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwandika." Theresia aligusa gome la mti. "Ila ile mashine yako ilikosea siku ya kwanza. Ilisema inamtengeneza. Mimi ndiye niliyemtengeneza. Yeye nilikuletea umwangalie tu."

Prisca aliupiga picha mkarafuu, kuanzia pale palipofagiliwa mpaka kileleni. Akakaa chini, akaiweka kompyuta mapajani, akaiingiza picha kwenye folda ya Josephina, ikawa si tupu tena. Kisha, bila kuombwa, akaiendesha skripti. Majina ya Lukangazi yakaanza kushuka kwenye skrini, ukoo kwa ukoo, mama kwa mama, akaisimamisha yalipofika kwao.

Akamgeuzia bibi skrini.

Theresia aliinama, akafuata kwa kidole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa na masista. Alipomaliza kusoma moyoni aliugeukia mti, akapiga magoti pale palipofagiliwa, akasoma kwa sauti.

"Josephina," alisema. "Yupo."